Shajara ya mradi: kusikiliza Kiingereza ua likiwa mkononi, darasa la 4, Pemba

Julai, skuli zimefunguliwa

Mradi wenyewe ni mdogo. Watoto wa darasa la 4 wanasikiliza Kiingereza kifupi kilichorekodiwa, kinachohusu mimea inayotoa maua, na wanayoyasikia wanayatenda kwa mikono. Kuandika kutakuja baadaye. Kusema pia, na halazimishwi mtu. Sauti ikisema "touch the petal", mtoto anagusa petali, ile sehemu ya ua yenye rangi. Akigusa jani, nimeshajua nilichotaka kujua bila kumsimamisha mbele ya wenzake.

Kipindi ni changu, cha Kiingereza. Mimea nimeiazima kwa maalim wa sayansi, naye kanipa sharti moja: "Usije ukanipotoshea watoto, mwalimu. Wakija kwangu wakisema shina ni mzizi, nakurudishia mwenyewe." Tumekubaliana asikilize kila rekodi kabla haijaingia darasani.

Kilichonisukuma kinajulikana na kila anayesomesha Kiingereza hapa visiwani. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilielekeza hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la 5. Mtoto wa Pemba kakulia shambani, anajua nyuki anafuata nini kwenye ua na mwembe unatoa maua lini, lakini ukimuuliza hayo hayo kwa Kiingereza anainamisha kichwa. Anayajua, ila hajaambiwa katika lugha anayoulizwa. Tena wengi wanaandika Kiingereza vizuri kuliko wanavyokisikia, kwa sababu ubaoni wanakiona kila siku, lakini masikioni kinawaingia vipande vipande, kikiwa kimechanganyika na Kiswahili chetu sisi walimu.

Namna ya kuitikia kwa vitendo si uvumbuzi wangu. James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, aliieneza tangu miaka ya 1960: mwanafunzi wa lugha aamrishwe, atende, na kusema kutakuja kukiwa tayari. Mimi nimeongeza ua tu.

Vifaa: simu, spika ndogo ya kuchaji, karatasi chakavu za kuwekea maua, na maua yenyewe, ambayo ni bure. Rekodi tunazifanya stoo ya vitabu, mlango umefungwa. Sauti ni mbili, yangu na ya mwalimu mwenzangu, ili watoto wasije wakazoea koo la mtu mmoja.

Julai, haibiskasi

Tumeanza na haibiskasi nyekundu ya kwenye uwanja wa skuli. Ni kubwa, ina petali tano ambazo hata mtoto wa nyuma kabisa anaziona, na katikati limetoka bomba refu lenye stameni zilizolizunguka, yaani viungo dume vya ua, zimejaa chavua, ile poda ya njano. Kwenye ncha kuna vidoto vitano, hapo ndipo chavua inapopokewa. Ubaya wake ni kwamba ua moja halimalizi siku ya pili, kwa hiyo lazima yachumwe asubuhi ile ile. Watoto wawili ua moja.

Maneno ya rekodi ya kwanza, ukiacha onyo la kutoonja, ndiyo haya, yote: "This is a flower. Hold it by the stalk. Count the petals. Pull off one petal. Put the petal on your book. Now touch the yellow powder."

Baada ya kila sentensi kuna kimya, na kimya hicho kimerekodiwa pamoja na maneno. Wasiojua wanadhani kimya ni upungufu, wanataka kukikata. Masomo ya redio yaliyotengenezwa kwa watoto wadogo, Kenya miaka ya 1980 na hapa Zanzibar miaka ya 2000, yaliacha nafasi makusudi ili mtoto ajibu au atende. Kimya ndicho kipindi cha kazi. Sauti ikiendelea bila kupumua, watoto watatu wa mbele wanafuata na waliobaki wanawatazama hao watatu.

"Hold it by the stalk" iliwashinda wengi mara ya kwanza, wakashika ua kwa petali. Mara ya pili waliangaliana, mmoja akashuka na vidole mpaka kwenye kikonyo, na darasa zima likamfuata. Hilo si kusikia, ni kuigana, nalijua, lakini mara ya tatu nilibadilisha mpangilio wa sentensi na bado walishika kikonyo. Poda ya njano ilipakwa puani, mashavuni, na kwenye shati la jirani. Nikawaachia.

Katika rekodi hiyo kuna jogoo aliwika nyuma ya stoo. Sikumfuta. Nilipowaambia wachore walichosikia, karatasi kadhaa zilirudi na ua, petali, na jogoo. Hao ndio waliosikiliza barabara.

Julai, mwishoni

Tulijaribu rekodi moja ya Kimarekani tuliyoipakua, sauti nzuri, safi kuliko zetu. Neno "petal" kwa matamshi yao linalainika pale kwenye t, likawafikia watoto kama pedeli. Mkono ukanyooshwa: "Mwalimu, pedeli ya baskeli?" Darasa likacheka, lakini aliyeuliza alikuwa sahihi kwa alichosikia.

Mjadala na mwenzangu baada ya hapo ulikuwa mrefu. Yeye anaona watoto wazoee sauti za wenye lugha tangu mwanzo. Mimi naona la kwanza ni waelewe, na sauti ya mwalimu wa Pemba ni Kiingereza halali. Kukisikia hicho kwanza hakumzuii mtu kusikia cha Chicago au London akishapata msingi. Tumeafikiana hivi: kila somo lianze na sauti zetu, na sauti ya kigeni ije mwisho, maneno yakiwa yale yale ambayo mkono umeshayazoea. Mpaka sasa mpango huo unakwenda.

Tatizo jengine ni maneno yanayofanana masikioni mwetu. "Bud", "bird" na "bad" kwa mtoto wa Kiswahili yote ni badi. Kukaririsha darasa zima "bud, bud, bud" kunachosha na hakusaidii. Nilichofanya ni kuweka mezani tumba la haibiskasi na picha ya ndege, chozi, halafu rekodi inaamrisha bila mpangilio: onesha hiki, onesha kile. Wakikosea, matokeo wanayaona wenyewe. "Leaf" na "leave" tumeviingiza kwenye amri moja: "Pick up the leaf. Leave it there." Watoto wawili walibaki wamesimama na jani mkononi, wameganda, wakisubiri mtu awatoe kwenye kifungo.

Agosti, karafuu

Hii ndiyo sehemu niliyoitamani tangu mwanzo.

Karafuu ni tumba la ua. Kila mtu Pemba anaijua karafuu, anaijua bei yake, anajua harufu yake ikianikwa barabarani juu ya majamvi, lakini ukiwauliza watoto kama ni ua, wengi wanasema ni tunda, wengine mbegu. Nimewauliza na wazazi wawili watatu langoni, majibu ni yale yale.

Usiku wa kuamkia somo niliroweka karafuu kavu kwenye maji ya moto. Asubuhi zilikuwa zimevimba na kulainika. Kila mtoto akapata mbili na mwiba wa mlimau wa kufungulia. Rekodi ilikwenda hivi: "Look at the round head. Look at the four small teeth around it. Take the head off gently. Look inside."

Kile kichwa cha mviringo ni petali nne zilizofumbana. Vile vijino vinne vinavyokizunguka ni sepali, yaani vijani vinavyolikinga tumba. Ukiinua kichwa kwa mwiba, petali zinatoka pamoja kama kofia, na ndani kuna stameni nyingi zimejikunja, zimesongamana, zikisubiri siku ambayo haitafika kwa sababu mkulima keshachuma. Hapo darasa lilinyamaza lenyewe. Halafu mmoja akasema, kwa Kiingereza, bila kuulizwa: "Mwalimu, flower!" Sikumwomba mtu aseme neno. Limetoka.

Maalim wa sayansi alikuwa mlangoni. Akaingia akachukua kipindi kilichobaki, nami nikampisha. Aliwaeleza kwa Kiswahili kwa nini karafuu huchumwa mapema: rangi ikianza kuingia wekundu ndiyo wakati wake, ikiachwa ikafunguka, kile kichwa kinadondoka na thamani imekwenda nacho. Ikiachwa zaidi inakuwa mpeta, yaani tunda, na mpeta ndiyo yenye mbegu ya kuoteshea miche. Kwa hiyo watoto waliosema tunda walikuwa wametangulia hatua mbili tu. Akawagusia na kimbunga cha 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoibeba karafuu. Hilo halikuwa kwenye mpango, na sikuwa na haja ya kumkatiza.

Kesho yake tulirudia na karafuu mbichi yenye makonyo yake. "Stalk" waliikumbuka kutoka kwenye haibiskasi. Nilisema neno hilo mara moja, vikonyo vyote vikawa juu.

Agosti, bado karafuu

Mahudhurio yamepungua, kama inavyokuwa kila msimu. Watoto wanakwenda kuokota karafuu zinazodondoka chini ya mikarafuu na kuchambua jioni, na sitajifanya kwamba somo langu lina uzito kuliko sahani ya chakula nyumbani kwao.

Kwa hiyo rekodi zimehamia kwenye simu za wazazi. Anayetaka analeta memori kadi, namnakilia. Ni fupi, hazili nafasi. Nimeongeza moja ya kuchambulia: "Put the buds here. Put the stalks there. Is this a bud or a stalk?" Mtoto anaisikiliza huku mikono inatenga karafuu na makonyo, kazi ambayo angeifanya vyovyote vile.

Mama mmoja alinikuta dukani. "Mwalimu, huyu mwanao kanishinda. Kila konyo analolitupa, 'stoku, stoku'. Mpaka bibi yake kaanza." Nikamwambia bibi namwandikisha darasa la 4. Akanijibu kwamba bibi hana haja ya darasa, amechambua makonyo ya kiwanda cha mafuta cha Wawi tangu mimi sijazaliwa, mimi ndiye nikajiandikishe kwake.

Kufundishia msimuni kumenionesha kitu ambacho darasani sikukiona: rekodi inasikilizwa tena na tena pasipo mtu kuilazimisha, kwa sababu kazi ya mikono ni ndefu na inachosha, na sauti inakuwa burudani. Darasani marudio ya tatu yanaleta miayo.

Septemba, mnazi

Mzozo mkubwa wa muhula. Rekodi ilisema "The coconut tree is a flowering plant" na nusu ya darasa ikakataa. Mnazi hauna maua, una nazi. Kijana mmoja, baba yake mkwezi, alisimama kidete: yeye kaona minazi mingi kuliko mimi, na ua hajaliona.

Nilimwambia amuulize baba yake atushushie panda, yaani shada la mnazi, lililotoka kwenye karara siku hizo hizo. Akaja nalo kesho yake amelibeba begani, uso umebadilika. Lilikuwa limejaa vijiua vya rangi ya maziwa, vidogo, vigumu, ukitikisa vinamwagika chini kama mchele. Chini kabisa, karibu na shina la panda, kuna vishanga vichache vya mviringo, vikubwa zaidi. Vile vidogo vya juu ni maua dume, vishanga ndiyo maua jike, na hivyo ndivyo vinavyokuwa vidaka. Mti mmoja una yote mawili.

Rekodi ya siku hiyo ilikuwa ya kulinganisha: "Which flower is bigger? Which flowers are more? Shake the branch. What fell down?" Maneno ya kulinganisha, ambayo kitabuni huwa ni jedwali la kuhifadhi, yalieleweka papo hapo kwa sababu jibu liko sakafuni. Nyuki nao walikuja na panda. Kipindi kilimalizikia chini ya mwembe.

Mpapai tuliupitia haraka, dume lenye maua yaning'iniayo kwenye vikonyo virefu na jike lenye maua yaliyoshikana na shina. Hilo wanalijua tangu nyumbani, maana mpapai dume hukatwa.

Septemba, kunusa

Asumini, langilangi, mrehani na kilua, kila kimoja kwenye mfuko wa karatasi. Macho yamefungwa kwa leso. Rekodi inauliza, mtoto anatikisa kichwa au anakubali: "Is it jasmine? Is it sweet? Is it stronger than the first one?"

Wasichana waliwaacha wavulana mbali, kwa sababu nyumbani wanashona asumini na kutunga vikuba na pua zao zimefundwa. Langilangi lilizua ubishi: lile bichi la kijani halinuki kitu, lililokwiva likawa la manjano ndilo linalojaza chumba, na waliopewa la kijani walidai wamepewa jani. Walikuwa na haki ya kudai. Nimeandika kwenye daftari: langilangi lichumwe la manjano, tena asubuhi mapema.

Sheria tuliyoweka tangu haibiskasi imebaki: kunusa ruhusa, kuonja marufuku. Kuna oleanda ya manjano nyuma ya nyumba za walimu, utomvu wake mweupe na mbegu zake ni sumu, na "Do not taste it" imo kwenye kila rekodi, hata za karafuu.

Septemba, mwishoni: kupima

Maalim wa sayansi ndiye aliyepima, si mimi, na kwa sauti yake mwenyewe, bila spika. Aliwapa maua ambayo hatukuyatumia, ya boga na ya bamia, akasoma amri kwa mpangilio wake.

Majina hayakuwasumbua. Petal, stalk, leaf, bud, seed, root: mikono ilikwenda moja kwa moja. Ua la bamia lina sura ya haibiskasi, ni ukoo mmoja, na watoto kadhaa waliliona hilo kabla hajasema.

Walipokwamia ni pengine kabisa. "Put the petal under the leaf." Petali zikawekwa juu ya jani. "Put the bud between the two leaves." Pembeni. "Before you touch the seed, touch the stalk." Karibu wote waligusa mbegu kwanza. Maneno madogo, ambayo sisi walimu tunayapita mbio kwa sababu hayana picha ya kuchora ubaoni, ndiyo yaliyoziba njia. Nilipozirudia rekodi zetu zote nikakuta "under" imo mara chache sana na "between" haimo kabisa. Tulikuwa tunawafundisha kutaja sehemu za ua, na mtihani wa darasa la 5 hauulizi kutaja tu. Unauliza ovari, yaani kifuko cha mbegu, iko wapi, kitu gani kinatangulia kingine, chavua inatoka wapi inakwenda wapi.

Maalim alilisema kwa ufupi wake: "Watoto wanazijua nyumba zote za mtaa, hawajui njia."

Oktoba

Rekodi zinaandikwa upya kuanzia hapo. Majina yale yale, maua yale yale, lakini kila amri iwe na neno la mahali au la wakati. Mfano wa haibiskasi mpya: "Put one petal under your book. Put the stalk between two petals. First smell the flower, then touch the powder." Tumezijaribu mbili. "Under" na "inside" zimeingia upesi. "Before" bado ngumu, kwa sababu inamtaka mtoto angoje sentensi iishe ndipo mkono uende, na mikono ya watoto wa darasa la 4 haingoji.

Dawa ya hilo tunayoijaribu: mikono iwe nyuma ya mgongo mpaka kengele ilie mwisho wa sentensi. Kengele ni kijiko kwenye glasi, mwenzangu anaigonga stoo wakati wa kurekodi. Jana imefanya kazi kwa waliokaa mbele. Nyuma kuna waliodhani kengele ni ya mapumziko, wakatoka.

Safari ya chavua bado sijairekodi. Nataka itumie ua la boga, kwa sababu dume na jike yako kwenye mmea mmoja na kijiboga kichanga kinaonekana chini ya ua jike hata kabla halijafunguka, hivyo mtoto anaweza kuhamisha chavua kwa kidole chake huku akisikiliza amri. Maalim anataka tusubiri mvua za vuli, maboga ya bustani ya skuli yachanue vizuri. Kuna walimu wa skuli ya jirani wameomba memori kadi. Nimewapa za haibiskasi na karafuu, ya mnazi nimewaambia watafute mkwezi kwanza.